Kuuliza si ujinga, lakini nani anamuuliza muulizaji?

Leo naomba niiweke siasa pembeni niandike habari za kompyuta. Wale mnaokuja hapa kufuata habari za bunge mtanisamehe, ila someni mpaka mwisho, maana humu nako mna uaminifu na usaliti kama huko huko tulikozoea.

Ilikuwa hivi. Nilimpelekea rafiki yangu kompyuta yangu ya zamani aniwekee Linux. Programu moja niliyoitaka haikuwa na toleo lililo tayari kwa mashine ile, ikabidi aichukue ikiwa bado msimbo, yaani maandishi ya waandishi wa programu wenyewe, aijenge pale pale mezani. Akaandika neno moja, configure, akabonyeza. Skrini ikaanza kumwaga mistari. Kompaila ya C ipo? Ndiyo. Namba ndefu ina baiti ngapi? Nne. Faili fulani lipo? Hapana. Mashine hii inaitwaje? Maswali na majibu yakapita mamia kwa mamia, kasi kuliko macho yangu.

"Kaka, inauliza nini muda wote huo?" nikamuuliza.

"We iache tu iulize, ikimaliza tunaendelea. Hakuna mtu anayesoma hayo."

Mimi kazi yangu ni kuuliza na kusoma majibu. Kusikia kwamba kuna mahali duniani maswali mamia yanaulizwa kila siku na hakuna anayesoma, nikashindwa kulala na jambo hilo. Nikaanza kulichimba, na nilichokikuta ndicho hiki.

Kwanza tuelewane kwa nini maswali hayo yapo. Prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, haijui C wala lugha nyingine tunayoiandika. Kila ukoo wa prosesa una amri zake. Amri zilizoandaliwa kwa prosesa ya Intel ya kompyuta ya mezani ni upuuzi mtupu kwa prosesa ya ARM iliyomo kwenye simu yako. Kompaila ndiyo mkalimani: inasoma msimbo na kutoa amri za prosesa husika. Juu ya prosesa unakaa mfumo endeshi, na wenyewe una desturi zake. Kwa hiyo programu inayotaka kwenda popote ni kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Ama abahatishe, ama aulize.

Zamani hakukuwa na mgeni wa namna hiyo. UNIX ilipozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie waliiandika kwa amri za mashine moja tu, PDP-7 ya kampuni ya DEC. Walipopata mashine mpya, PDP-11, ikabidi waiandike upya. Hatua kubwa ikaja mwaka 1973, walipoiandika tena kwa lugha ya C ambayo Ritchie alikuwa ameibuni. Sasa sehemu kubwa ya mfumo haikufungwa tena na prosesa moja.

Lakini kusema inaweza kuhama ni jambo moja, kuhama kwenyewe ni jingine. Mtihani ulikuja mwaka 1977. Ritchie na Steve Johnson waliihamishia UNIX kwenye mashine iitwayo Interdata 8/32. Mwaka huo huo, mbali kabisa huko Australia, Richard Miller wa Chuo Kikuu cha Wollongong aliihamishia kwenye ndugu yake, Interdata 7/32. Pande zote mbili zilifanikiwa, na zote zilijifunza kwamba msimbo ulikuwa umejaa mambo ambayo waandishi wake waliyadhania tu kwa sababu walikuwa wamezoea mashine moja.

Mfano unaopendwa sana ni wa mpangilio wa baiti. PDP-11 ilikuwa ikishika herufi mbili mbili kwenye chumba kimoja, na baiti ndogo ndiyo iliyotangulia. Mashine nyingine zilitanguliza baiti kubwa. Ukichukua neno UNIX kutoka huku ukalipeleka kule bila kujali hilo, kila jozi inageuka na unasoma NUXI. Mpaka leo wenye fani wanaliita tatizo la NUXI. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika waraka maarufu juu ya ugomvi huo, akazipa kambi hizo mbili majina aliyoyachukua kwenye hadithi ya Gulliver ya Jonathan Swift, ambamo watu wa nchi mbili wanapigana vita kwa sababu ya upande wa kupasulia yai. Aliutoa tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, lakini hoja yake ilikuwa ya kweli.

Miaka ya 1980 mambo yakazidi kuwa magumu, na safari hii kosa halikuwa la prosesa peke yake. Biashara iliingia. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kilikuwa na UNIX yake, BSD. Kampuni ya AT&T ikatoa System V mwaka 1983. Sun walikuwa na SunOS, HP walikuwa na HP-UX, DEC walikuwa na Ultrix, IBM wakaja na AIX. Na wengi wao wakatengeneza na prosesa zao wenyewe: Sun na SPARC, HP na PA-RISC. Wote walijiita ndugu wa UNIX, lakini kila nyumba ikawa na lahaja yake. Ukitaka kutafuta herufi ndani ya neno, watu wa BSD walikuwa na kazi iitwayo index, watu wa System V wakaiita strchr. Kazi ni ile ile, jina tofauti. Ukikosea, programu haijengeki.

Waandishi wa programu walihangaika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kumtupia mtumiaji mzigo: "fungua faili hili, soma maelezo, weka alama kwenye yale yanayohusu mashine yako." Hebu fikiria mtu anayetaka tu kusoma barua zake aulizwe kama mfumo wake ni wa lahaja ya Berkeley. Njia ya pili ilikuwa kuangalia jina: kama hii ni Sun, fanya hivi, kama ni HP, fanya vile. Njia hii inavutia, lakini jina linadanganya. Mfumo ule ule ukitolewa toleo jipya mwakani unaweza kuwa na kazi ambayo mwaka huu haukuwa nayo, na jina ni lile lile. Halafu ikitokea kampuni mpya ambayo hukuwahi kuisikia, programu yako inakwama mlangoni.

Mwaka 1984 Larry Wall, ambaye miaka mitatu baadaye angetoa lugha ya Perl, alikuja na jibu lingine. Alikuwa ameandika rn, programu ya kusomea mijadala ya Usenet, na alitaka ijengeke kila mahali. Akaambatanisha nayo skripti iliyoitwa Configure, iliyokuwa ikichunguza mashine yenyewe, na pale ilipokwama ikamuuliza mtumiaji kwa maneno ya kawaida, tena kwa utani. Perl ilirithi desturi hiyo. Kwa miaka mingi, ukiijenga Perl, Configure yake ilikupongeza kwa kuwa hutumii Eunice, mfumo wa kuigiza UNIX ambao ulikuwa umewasumbua watu wa zamani. Mimi napenda sana programu zenye kumbukumbu ya machungu.

Sasa tufike kwenye ile skripti ya rafiki yangu. Mwezi Juni mwaka 1991 David MacKenzie alikuwa akitunza programu nyingi ndogo ndogo za mradi wa GNU, ule ulioanzishwa na Richard Stallman kwa lengo la kuwa na mfumo mzima wa programu huria. Ili kuzijenga programu hizo, mtumiaji alitakiwa kuchagua mwenyewe vipengele takriban 20 kulingana na mashine yake. MacKenzie alichoka. Akaandika skripti fupi ya kukisia baadhi ya majibu, akaiweka kwenye kifurushi cha fileutils, chenye amri za kunakili, kufuta na kuorodhesha mafaili. Ikafanya kazi. Akainakili kwenye vifurushi vingine, na alipochoka tena kurekebisha nakala nyingi kwa mkono, akatengeneza chombo cha kuzalisha skripti hizo. Chombo hicho ndicho Autoconf.

Siri yake ni rahisi. Skripti haiulizi "wewe ni nani?" bali "unaweza nini?" Ikitaka kujua kama strchr ipo, inaandika programu ya mistari michache inayoiita strchr, inampa kompaila, halafu inangoja. Ikijengeka, jibu ni ndiyo. Ikishindikana, jibu ni hapana. Majibu yote yanaandikwa kwenye faili moja, na msimbo mkubwa unayasoma na kujirekebisha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mashine ambayo haijawahi kusikika bado inaweza kupokea programu, mradi ijibu maswali.

Hata hivyo jina halikuachwa kabisa, kwa sababu yapo mambo ambayo lazima uijue prosesa yenyewe. Ndiyo maana ndani ya vifurushi vingi kuna skripti ndogo, config.guess, inayoipa mashine jina la vipande vitatu au vinne: prosesa, mtengenezaji, mfumo. Kompyuta ya kawaida yenye Linux ilikuwa i686-pc-linux-gnu. Mashine ya Sun yenye Solaris ilianza na sparc-sun. Ukisoma orodha ya majina hayo ni kama kupita makaburini: vax, alpha, hppa, majina ya mashine ambazo wengi wetu hatukuwahi kuziona.

Na hapo hapo ule udhaifu wa jina ukajitokeza tena. Oktoba 2011 ARM walitangaza ukoo mpya wa prosesa za biti 64, zilizopewa jina aarch64. Vifurushi vingi vilikuwa vimebeba config.guess za miaka ya nyuma, ambazo hazikuwahi kulisikia jina hilo. Msimbo wenyewe haukuwa na tatizo, ila bawabu wa mlangoni alikataa kumruhusu mgeni apite. Watu wa Debian na wengineo ilibidi wabadilishe faili hilo kwenye kifurushi kimoja baada ya kingine, kabla Debian haijaitambua rasmi prosesa hiyo mwaka 2015.

Kuna jambo jingine tena. Hata ndani ya ukoo mmoja prosesa hazilingani. Intel walipoleta amri za AVX mwaka 2011, programu iliyojengwa kuzitegemea ilikufa papo hapo kwenye prosesa ya mwaka uliotangulia. Ukijenga kwa ajili ya prosesa mpya tu, unawafungia nje wenye mashine kuukuu, na huku kwetu wenye mashine kuukuu ndio sisi. Ukijenga kwa ajili ya zote, mwenye mashine mpya hafaidi kasi yake. Suluhisho moja ni kubeba matoleo mawili ya kazi ile ile ndani ya programu, halafu wakati wa kuwaka programu inaiuliza prosesa: "hii unaiweza?" Ikijibu ndiyo, linachaguliwa toleo la kasi. Kwenye Linux mbinu hii inaitwa IFUNC, na kinachofanyika hapo hufanyika mapema sana, kabla programu yenyewe haijaanza kazi. Shikeni hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Tufike mwaka 2024. Kuna maktaba ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo imo kwenye karibu kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Kuanzia mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho mazuri. Mwaka 2022 yakaja na majina mengine yasiyojulikana, yakimlaumu Collin kwamba anachelewa na kumsukuma aongeze mtu wa kumsaidia. Msaidizi alikuwa tayari mlangoni. Taratibu Jia Tan akapewa funguo.

Tarehe 24 Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi likafuata la 5.6.1. Ndani yake kulikuwa na mlango wa uani. Na mlango huo ulifichwa wapi? Kwenye maswali. Mstari mmoja wa kuanzishia uovu uliwekwa kwenye faili linalochangia kuizalisha skripti ya configure, tena kwenye kifurushi kilichotolewa kwa umma tu. Kwenye hazina ya msimbo, ambako wenzake wangeweza kuona, haukuwepo. Sumu yenyewe ilikuwa imelala ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo kila mtu anategemea yawe yameharibika kwa makusudi.

Skripti ile ilifanya kile ambacho skripti za namna hiyo hufanya siku zote: iliuliza. Prosesa ni x86-64? Mfumo ni Linux? Kompaila ni GCC? Je, hapa kinatengenezwa kifurushi cha Debian au cha ndugu zake Red Hat? Jibu moja likiwa hapana, ilinyamaza na kuendelea kama kawaida. Yote yakiwa ndiyo, ilichomeka sumu. Na sumu ilipoingia, iliwaka kupitia ile IFUNC niliyowaambia mshike, pale programu inapoiuliza prosesa uwezo wake. Lengo lilikuwa huduma ya ssh, mlango ambao mafundi duniani kote wanautumia kuingia kwenye seva zao kwa mbali. Aliyekuwa na ufunguo wa siri angeingia popote.

Kuna kipande kingine ambacho kiliniacha mdomo wazi. Xz inajengeka pia kwa chombo kingine, CMake, na humo kulikuwa na swali la kuchunguza kama Linux ina Landlock, uzio wa kuzuia programu isifanye mambo yasiyoihusu. Kwenye ile programu fupi ya jaribio kuliwekwa nukta moja. Nukta tu, mahali pasipotakiwa. Kwa sababu ya nukta hiyo jaribio halikuweza kujengeka kamwe, kwa hiyo jibu likawa hapana kwenye kila mashine, na uzio ukazimwa kimya kimya. Uzuri wote wa mbinu ya MacKenzie, kwamba kushindwa ni jibu, uligeuzwa kuwa silaha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyetuokoa ni Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL aliyekuwa akifanya kazi Microsoft. Hakuwa akiwinda wezi. Alikuwa akipima kasi ya programu yake, akaona kuingia kwa ssh kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Badala ya kusema "iache tu," akafuatilia mpaka akaufikia mzizi, na tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akautangazia ulimwengu. Tatizo lilipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari. Bahati ilikuwa kwamba matoleo hayo yalikuwa yamefika kwenye mifumo ya majaribio zaidi, mengi ya yale matoleo imara yanayotumiwa kwenye seva yakawa hayajaguswa.

Tarehe 30 Machi Collin akaiondoa ile nukta. Mwishoni mwa Mei akatoa 5.6.2, safi. Aliondoa na IFUNC pia, na sababu aliyoitoa imenigusa: hakuiondoa kwa hofu ya usalama, bali kwa kuwa kasi iliyopatikana ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ugumu ulioletwa.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kichwani. Kwa zaidi ya miaka arobaini watu walijenga ustadi wa kuuliza mashine, na bila ustadi huo kompyuta yangu kuukuu isingepata programu yoyote nje ya zile ambazo muuzaji aliona zinamlipa. Sitaki mtu aondoke hapa akisema configure ni mbaya. Ila maswali yalivyoongezeka, skripti zikafika maelfu ya mistari, zinazalishwa na mashine, ngumu kusomeka, na tukazoea kuziangalia zikipita kama mvua dirishani. Kitu ambacho kila mtu anakiendesha na hakuna anayekisoma ni mahali pazuri pa kujificha. Sisi waandishi wa habari tunalijua hilo: mikataba mibaya huwa imo kwenye viambatanisho.

Na kuna yule mtunzaji mmoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mabenki, serikali na makampuni makubwa yote yalikuwa yakielea juu ya kazi ya mtu mmoja asiyelipwa. Alipochoka, aliyekuja kumpokea mzigo alikuwa mwizi, na katika wakubwa wote wale hakuna aliyekuwa amejitokeza kabla yake.

Nilimrudia rafiki yangu nikamsimulia. Akacheka, akaniambia sasa na mimi nimekuwa fundi. Lakini juzi nilipopita kwake nilimkuta anajenga programu nyingine, amesimamisha skrini katikati, kidole kiko kwenye mstari mmoja wenye hapana.

"Hii inasema haipo," akaniambia, "na mimi najua ipo."

Naomba kutoa hoja.